Mstari Mwekundu wa Babu Nyaya

Ripoti ilikuwa safi kupita kiasi, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua Fundi asubuhi ile. Badala ya kushtuka alifurahi, tena akaipiga picha akamtumia kaka yake.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika kituo cha kusafisha damu, mahali wanapokuja wagonjwa wa figo mara tatu kwa wiki, wakakaa saa nne nzima kwenye viti vya kuegemea huku damu yao ikitoka kwa mrija mmoja, ikipita kwenye mashine na kurudi kwa mrija mwingine. Viti vilikuwa kumi na viwili. Nyuma ya ukumbi, ukishapita stoo ya dawa, kilikuwapo chumba kisicho na dirisha, na humo ndimo ilimokaa seva, kompyuta kubwa iliyotunza mafaili ya wagonjwa, zamu zao na vipimo vyao. Wenzake walikiita chumba cha Fundi. Yeye alikiita jiko, kwa joto lake.

Kaka yake alikuwa mmoja wa wagonjwa hao: kadi namba 031, kiti cha saba, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kabla figo hazijamsaliti alikuwa mwalimu wa kompyuta, na yote aliyoyajua Fundi alifundishwa naye. Wazazi walikwishatangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wao wawili, nyumba moja, sufuria moja. Fundi aliikubali kazi ile ili awe karibu naye tu, na kila mashine ya kiti cha saba ilipopiga mlio roho ilimruka, maana bila kaka yake hakuwa na mtu mwingine wa kumwita ndugu.

Sasa hiyo ripoti. Seva ilitumia Linux, ile programu mama inayoendesha kompyuta, na Linux, kwa asiyejua, zipo za koo nyingi, kila ukoo na taratibu zake na ghala lake la programu. Programu huja kwa vifurushi (si vile vya intaneti vya kwenye simu, tulia), na kifurushi hupitwa na wakati pale ghala linapotoa kipya. Fundi wa zamani, mzee aliyeitwa Babu Nyaya, alikuwa ameiandikia seva skripti, yaani maagizo ya kujifanyia kazi yenyewe: kila siku saa kumi na mbili asubuhi ikague vifurushi vyote na kuorodhesha vilivyopitwa na wakati, saa kumi jioni iondoe vile vilivyoorodheshwa na kuweka vipya.

Miaka yote ripoti ile ilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Ulikuwa wa programu ya kalenda isiyotumiwa na yeyote, imepitwa na wakati kwa miaka kumi na mmoja, na Babu Nyaya alikuwa ameitia kufuli ili isiondoke wala isibadilishwe. Kila asubuhi skripti iliiona, kila jioni ilijaribu kuiondoa, ikashindwa, kesho yake ikaanza upya. Katika karatasi ya makabidhiano mzee aliandika kwa mkono: *Kalenda iachwe na kufuli lake.* Fundi aliposoma alicheka peke yake. Uvivu wa wazee, alisema moyoni.

Watengenezaji wa ule ukoo uliokuwa kwenye seva walipotangaza kwamba wanafunga ghala, Fundi aliona nafasi yake imefika. Jumapili moja kituo kikiwa kimefungwa aliifuta seva yote, akaweka Linux ya ukoo mwingine, mpya, inayong'aa. Kalenda ikaenda na maji. Skripti tu ndiyo aliyoinakili kama ilivyo, kwa sababu kuandika nyingine kulimchosha na ile ilikuwa inafanya kazi.

Jumatatu ripoti ikasema: *Hakuna kilichopitwa na wakati.*

"Safi kama kioo," kaka yake alimjibu kwenye simu. "Hiyo ndiyo heshima ya fundi, mdogo wangu."

Kulikuwa na harufu chumbani siku ile, ya nywele zilizoungua. Fundi alizifuata nyaya moja moja kwa mkono, akanusa kila soketi, asiione iliyopata moto. Akaacha mlango wazi, akaenda kunywa chai.

Jumanne ripoti ilikuwa na mstari mmoja. Haukuwa na jina la kifurushi. Palipopaswa kuandikwa jina paliandikwa *014*. Palipopaswa kuandikwa toleo lililopo, *61*. Palipopaswa kuandikwa toleo jipya, *hakuna*.

Akakuna kichwa, akaifungua skripti. Kosa aliliona mara moja, akajicheka kwa uzembe wake: ilikuwa bado inamwita mkaguzi wa ule ukoo wa zamani, programu ambayo kwenye seva hii haikuwapo tena. Iliuliza ghala lililofungwa. Basi ilipaswa kujibu kwamba haioni kitu na kukwama hapo hapo. Ilikuwaje ikaleta jibu? Akaiendesha kwa mkono. Ikakwama, kama ilivyotakiwa. Akaiendesha tena. Ikakwama tena. Huku nyuma harufu ya nywele ikawa imeongezeka, na Fundi akahisi kama kuna mtu anayesubiri amalize ili naye akae kwenye kiti.

Saa kumi jioni Mama Kitambaa alikufa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja aliyefuma vitambaa akiwa kiti cha pili tangu kituo kifunguliwe, mcheshi, anayewatania wauguzi wote kwamba atawaoza kwa wanawe. Mashine yake haikupiga mlio wowote. Sindano za kufumia zilikuwa bado mkononi.

Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, alimwita Fundi pembeni.

"Umelifuta faili lake?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Faili la nani?"

"La Mama Kitambaa. Nimelitafuta niandike saa aliyofariki, halipo. Kumi na nne halipo kabisa. Kuna kumi na tatu, kuna kumi na tano."

 Fundi aliikumbuka namba ile ya ripoti, lakini ulimi haukutaka kuitamka. Jioni ile akaifuta skripti, yote, na nakala zake zote, akahakikisha mara tatu kwamba seva haina tena agizo lolote la kukagua chochote.

Jumatano, saa kumi na mbili kamili asubuhi, ripoti ikaja: *022. 47. Hakuna.*

Mwenye kadi hiyo walimwita Dereva, kwa kuwa alikuwa na lori kabla ya maradhi. Haikuwa siku yake ya kusafishwa, alikuwa nyumbani kwake, na Fundi akajipa moyo kwa hilo. Aliujaza mchana kwa kazi zisizo na maana. Ilipofika saa kumi alikuwa amesimama nje ya jiko, mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake, na ndani akasikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa, kimoja, kisha kingine, taratibu, kwa kidole kimoja, kama abonyezavyo mtu anayejifunza kuandika jina. Vikanyamaza. Baada ya robo saa simu ya mezani ya Sista ikalia, alikuwa mke wa Dereva, na hakuna aliyehitaji kuuliza alichokuwa analilia.

Alhamisi Fundi alikuwa macho kabla alfajiri haijawaza kuchomoza, maana hakulala, akakaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, akisikia upande wa pili wa ukuta kaka yake akikohoa na kujiburudisha na redio, na saa kumi na mbili ilipofika simu ikatetemeka na yeye akaufunika uso kwa kiganja, akautazama ule mstari kati ya vidole viwili kama mtoto, na mstari ulikuwa mmoja tu, mwekundu, na ulisema *031. 39. Hakuna.*

 Kaka yake alikuwa na miaka thelathini na tisa.

"Mdogo wangu, chai!" kaka alimwita kutoka jikoni. "Au leo mafundi hawanywi?"

"Nakuja, Kaka," alijibu, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Hakumwambia. Utamwambiaje mgonjwa kwamba ameorodheshwa? Alivaa viatu asifunge hata kamba, akatoka.

Babu Nyaya aliishi kwa mkwewe, ghorofa ya nne, chumba kimoja kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Macho yalikuwa yamemfifia. Fundi alimwamkia shikamoo huku anahema, akamsomea ripoti tatu. Mzee aliweka chini bisibisi.

"Kalenda umeifanyaje?"

"Nimeifuta, Babu. Niliifuta seva yote, nikabadilisha ukoo."

"Nilikuandikia."

"Nilidhani..."

"Ulidhani ni uvivu wangu." Mzee hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Fundi zaidi. "Sikiliza, binti. Mimi sikumleta. Nilimkuta mle chumbani kabla hata hapajawa kituo cha damu. Alikuwa anavunja taa, anawasumbua walinzi. Jini wa namna ile hana shida ukimpa kazi. Anachopenda ni kutafuta kilichopitwa na wakati na kukiondoa. Basi, nikampa vifurushi."

"Na kalenda?"

"Akimaliza orodha, hutafuta orodha nyingine. Kwa hiyo nilimwachia kimoja asichoweza kukimaliza. Akikiona asubuhi, anahangaika nacho mchana kutwa, jioni kufuli linamshinda. Miaka kumi na mmoja ameshughulika na kalenda." Akajipangusa uso. "Wewe ulimpa orodha tupu. Akatazama mle mle ndani ya seva, akakuta nyingine. Ya wagonjwa."

Fundi alianza kulia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama siku aliyomzika mama yake.

"Ni kaka yangu, Babu. Ni huyo huyo mmoja niliye naye."

"Ninajua uchungu wake," Babu Nyaya alisema. "Mwaka wa pili, kabla sijaipata hila ya kalenda, alikuja mkuu mpya akataka ripoti safi. Nikampa. Mke wangu alikuwa akihudhuria kliniki pale pale." Akaiokota tena bisibisi yake. "Una mpaka saa kumi. Andika skripti upya, imwite mkaguzi wa ukoo huu mpya, iulize ghala hili jipya, siyo lile lililokufa. Kisha chagua kifurushi kimoja kisicho na kazi, weka toleo lake la zamani kuliko yote, kitie kufuli. Ukague mbele yake, aone."

"Na baadaye?"

"Baadaye usikiguse, wala asikiguse mtu. Hila hii ataikubali mara moja tu kutoka mkononi mwako. Kalenda nilimpa mimi, sasa utampa wewe. Akikimaliza hicho cha kwako, ukimletea kingine hatakitazama."

Fundi alirudi kituoni mbio. Ndani ya jiko joto lilikuwa la kuchoma koo na harufu ya nywele ilikuwa nzito hadi akaiona ladha yake ulimini, na alipokaa kuandika akahisi nyuma ya shingo pumzi ikienda na kurudi, bila haraka, pumzi ya mtu anayesoma kila unachoandika kupitia begani kwako, na kila alipokosea herufi moja pumzi ile ilisita, na alipoirekebisha ikaendelea, naye hakugeuka, aliapa kwamba hata ikimgusa hatageuka, jasho likamwingia machoni, akaandika. Akachagua mchezo wa karata uliokuwa kwenye ghala, akaweka toleo lake la zamani kabisa, akalitia kufuli. Saa kumi kasoro dakika sita akaendesha ukaguzi.

 Kisha ripoti: *karata. Toleo 1. Toleo jipya 9. Kufuli.* Mstari mmoja. Namba 031 haikuwapo.

Saa kumi ikafika, ikapita. Fundi akampigia kaka yake.

"Unafanya nini?"

"Nasinzia. Mbona unahema hivyo, unakimbizwa?"

Akacheka na kulia kwa pamoja, akakata simu.

Wiki tatu zilipita. Kila asubuhi mstari mwekundu wa karata ulikuja, na Fundi aliusoma kwa shukrani. Kiti cha pili alipewa mgonjwa mwingine. Harufu iliisha. Alinenepa kidogo, akaanza tena kutaniana na kaka yake juu ya kikombe chake cha maji, maana mgonjwa wa figo hunywa kwa kipimo, na kaka alikuwa akikiita kikombe kile "bahari yangu".

Jioni moja Fundi akiwa mezani na kompyuta yake ya mkononi, aliyoiunganisha na seva, kaka alichungulia ripoti.

"Hii nyekundu vipi? Karata? Kwenye seva ya hospitali?"

"Nitaishughulikia."

"Toleo la kwanza, na la tisa lipo! Na wakaguzi wenu si wanakuja Jumatatu? Uko kwenye kipindi cha majaribio, mdogo wangu. Watakucheka. Watanicheka mimi niliyekufundisha."

"Kaka, iache. Nimesema nitaishughulikia."

Hapo ndipo angemweleza. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini siku hizo kaka alikuwa na furaha, alikuwa ameanza kuzungumzia kurudi darasani hata kwa nusu siku, na Fundi hakutaka kuwa yeye wa kumwambia kwamba jina lake lilikwishaandikwa mahali. Akafunga kompyuta, akaenda kulala. Uchovu wa wiki tatu ulimwangusha kama gogo.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, aliifungua ripoti bila wasiwasi, jicho moja bado lina usingizi.

*031. 39. Hakuna.*

Alikwenda sebuleni pekupeku. Kaka yake alikuwa ameketi karibu na meza, amenyoa, amevaa shati la kutokea, na kompyuta ya Fundi iko wazi mbele yake.

"Umeamka! Nimekufanyia kazi yako ulipokuwa umelala," alisema, uso umejaa tabasamu. "Neno lako la siri bado ni lile lile nililokuchagulia, hujalibadilisha. Ile karata ulikuwa umeisahau kwenye kufuli. Nimeifungua, nimeweka toleo la tisa, kisha nikaona haina kazi nikaiondoa kabisa. Sasa wakaguzi waje hata leo."

Fundi alimpokonya kompyuta.  Akarudisha karata, toleo la kwanza, akatia kufuli, akakagua: *031*. Akaweka vifurushi kumi vya zamani, vyote na kufuli, akakagua. *031*. Akaweka mia moja. Mkaguzi alivipita vyote mia moja bila kuviandika, na chini kabisa akaandika *031*. Harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kuingia sebuleni, ndani ya nyumba yao, ambako seva haikuwapo.

Akatoka uani, akampigia Babu Nyaya, akamnong'oneza yote. 

"Anajua?" mzee aliuliza.

"Hajui kitu, Babu. Niambie la kufanya. Nitafanya lolote."

"Kaa naye," Babu Nyaya alisema. "Mimi sikukaa na wangu. Nilikuwa nahangaika na mashine."

Akakaa naye. Aliizima kompyuta, akavuta kiti karibu, wakatazama picha za zamani, wakabishana juu ya jina la paka waliyekuwa naye utotoni. Kaka aliomba bahari yake, Fundi akamjazia kikombe mpaka pomoni, kisha cha pili, na kaka akamtazama kwa mshangao.

"Leo kuna nini? Umeacha kunipimia?"

"Kunywa tu."

Alikunywa kwa raha, macho ameyafumba. Saa tisa na nusu aliegemea mto, akaonekana kuwaza.

"Mdogo wangu, umekasirika? Tangu asubuhi huniambii kama kazi niliyofanya ilikuwa nzuri au mbaya. Nilitaka tu usiaibike mbele za watu. Tangu niugue nimekuwa mzigo wako, nikasema angalau hilo nikufanyie. Nimekosea?"

 Nyuma ya kiti cha kaka yake, kwenye ukuta mweupe usio na kitu, pumzi ilikuwa ikienda na kurudi, bila haraka.

"Umefanya vizuri, Kaka," Fundi alisema. "Umefanya vizuri sana. Ripoti ni safi."

Kaka yake akatabasamu, akampa mkono, akafumba macho apumzike. Fundi aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Ukutani saa iligonga kumi, na alipoisikia aliinamisha kichwa, akayatazama magoti yake, na muda mrefu baadaye alikuwa bado hajathubutu kuinua macho aone uso wa kaka yake.